Namna ya Kufaulu Ushairi Bila Kuelewa Shairi Hata Moja

Shairi likikujia kwenye karatasi ya mtihani, usilisome. Wanafunzi wengi hupotelea hapo. Wanaanza na mshororo wa kwanza, wanaingia wa pili, na kabla hawajafika kibwagizo wameshaguswa na jambo, wamesahau kwamba saa inakwenda. Ruka hadi kwenye maswali. Ukikuta "Taja tamathali mbili za usemi zilizotumika katika shairi hili (alama 2)", rudi juu na kalamu mkononi, ukiwinda neno moja tu: kama.

Kila "kama" ni tashbihi. Izungushie duara. Wapo watakaokuambia kwamba katika "kama huji, niambie" hakuna kinacholinganishwa na chochote, kwamba hilo ni sharti tu. Hao ni watu wenye muda. Zungushia. Ukibahatika kukuta "mithili ya", au ile "ja" ya washairi wa zamani, usijiulize nani analinganishwa na nini, wala kwa nini. Swali limesema taja. Halijasema fikiri.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa Gredi ya 7, 8 na 9 walioko Nakuru na pembezoni mwake, kuanzia Naivasha hadi Molo, na Njoro hadi Subukia. Ni wa wazazi wao pia, ambao tangu sekondari msingi ianze Januari 2023 wamekuwa wakirudi kutoka kazini, hawajavua viatu, wanapokelewa na swali: "Mama, jazanda ni nini?" Mzazi wa 8-4-4 alisoma mambo haya akiwa sekondari na akayaacha kwenye chumba cha mtihani siku alipomaliza karatasi ya mwisho. Asiwe na wasiwasi. Hapa hatutamkumbusha.

Majina kwanza, maana baadaye

Tamathali ni nyingi, na kwa bahati njema nyingi huanza kwa ta-: tashbihi, tashihisi, taashira, tasfida, tabaini, takriri, tanakuzi, tanakali za sauti. Ukisahau ipi ni ipi, andika "ta", kisha uache mkono ulegee hadi mwisho wa neno. Mtahini mwenye rundo la karatasi mezani na chai inayopoa atasoma anachotaka kusoma. Mbinu hii haifai kwa sitiari, jazanda, chuku, kinaya na balagha. Hizo kariri.

Kukariri kufanyike kwenye daftari lenye safu tatu: jina, maana, mfano. Mfano usiubuni. Tumia ule uliopewa na mwalimu, ambaye naye alipewa na mwalimu wake: Juma ni simba. Juma huyu amekuwa simba katika madarasa ya Kenya kwa miaka na mikaka, na hajatokea mtu wa kuuliza alifanya nini hata akaitwa hivyo. Aliokoa mtoto mtoni? Aliwapiga wenzake? Hula nyama peke yake? Mtoto wa Nakuru ana sababu zaidi ya kuuliza, kwa kuwa simba si mnyama wa vitabuni tu kwake. Wako pale Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ng'ambo ya uzio wa umeme, na upande huu wa uzio kuna nyumba za watu, kamba za kuanikia nguo na watoto wanaocheza mpira. Sasa Juma ni simba yupi? Yule anayeogopwa na kila mtu, au yule aliyezungushiwa waya na anayeangaliwa na watalii kupitia kioo cha gari? Ukishafika hapo umepotea. Rudi. Juma ni simba: sitiari, alama 1.

Ficha unayoyajua

Hatari kubwa ya somo hili ni kugundua kwamba umekuwa ukilijua tangu ukiwa mdogo. Ukigundua, nyamaza.

Nenda kwenye steji ya matatu mjini saa kumi na moja jioni. Makanga anaapa kwamba gari limejaa, bado mmoja tu. Unaingia unakuta viti vitupu hadi nyuma, dereva hayupo, na huyo mmoja aliyekuwa amebaki ni wewe, kisha ni kila atakayekuja baada yako. Hakuna abiria anayemshtaki makanga kwa uongo. Wote wanajua ni chuku, na wanajua imesemwa kwa nini: nani anapenda kuketi peke yake kwenye gari tupu? Huko njiani, askari wa trafiki anaomba chai. Kenya nzima hajapatikana mtoto aliyedhani kwamba askari huyo amepungukiwa na majani, maziwa na sukari. Neno limevishwa nguo ili anayetoa na anayepokea wasioneane haya. Hiyo ni tasfida, na mtoto ameielewa yote akiwa bado anapakatwa. Mkulima wa Molo naye anaamka asubuhi, anatazama shamba lake, anasema baridi imechoma viazi. Baridi, ichome! Maneno hayo yakiwa katika shairi, mwalimu atayaita tanakuzi na kuyaandika ubaoni kwa chaki ya rangi. Yakitoka kinywani mwa baba yako akiwa amevaa gambuti, yanakuwa habari mbaya ya viazi tu.

Mwanafunzi akiunganisha ya steji na ya ubaoni, mambo yataharibika. Ataanza kuuliza mshairi alikuwa anasema na nani, alikuwa anaficha nini, na kilimzuia nini kusema waziwazi. Maswali hayo hayamo katika mwongozo wa kusahihisha.

Chukua tashihisi. Ni kukipa kisicho na uhai sifa za kiumbe hai. Hilo limeandikwa kila mahali. Lakini ukisimama ukingoni mwa Menengai asubuhi ya baridi, ukaona mvuke ukipanda kutoka kwenye kasoko, utasema mlima unapumua bila kukusudia ushairi wowote. Wanajiolojia watakueleza juu ya mwamba wenye moto na maji yanayochemka ardhini. Kampuni ya serikali ya GDC imekuwa ikichimba visima vya mvuke humo tangu 2011. Wazee watakusimulia vita vya Wamaasai vya karne ya 19, Ilpurko na Ilaikipiak, na wapiganaji walioporomokea humo, ambao mvuke huo ndio roho zao. Mtahini atakuambia tashihisi, alama 1. Kati ya hao watatu, ni mmoja tu asiyetaka kujua kinachopumua ni nini, na ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Tatizo la bahari

Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Ushairi wa Kiswahili ulilelewa huko chini. Muyaka bin Haji alitungia Mombasa. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Walitumia vilivyokuwa mbele ya macho yao: jahazi, tanga, nanga, kusi na kaskazi, minazi, papa. Sasa mtoto wa Elburgon, aliyekulia kwenye ukungu na kabichi, anaambiwa na shairi kwamba chombo kinaenda mrama. Tanbihi chini ya ukurasa inasema mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Anaandika, anakariri. Bahari hajaiona, na kwa muda mrefu alidhani chombo kinachosemwa ni sahani.

Kwa hali hiyo ushauri wetu ni thabiti: kariri tanbihi, upite. Usimruhusu mtoto huyo akumbuke siku aliyoona lori likiteremka Sachangwan breki zikiwa zimekwisha, honi ikilia mfululizo, na watu kando ya barabara wakijua kinachokuja ila hakuna awezaye kufanya lolote. Akikumbuka hilo ataujua mrama kuliko aliyeandika tanbihi. Ataelewa pia kwa nini mshairi anayetaka kusimulia nchi yenye nahodha asiyesikia alikwenda kukitafuta chombo baharini badala ya kuandika tu kwamba mambo si mazuri. Kisha atatia neno "lori" kwenye jibu lake, na kwa kuwa shairini hamna lori, alama itamtoka.

Maua nayo yana mitego. "Mapenzi ni waridi" ni sitiari iliyokwisha kulainika kwa kushikwashikwa, na mwongozo wa kusahihisha unataka useme waridi ni zuri na lina harufu nzuri. Mwulize mwanafunzi wa Naivasha ambaye mama yake hufanya kazi kwenye chumba cha kufungashia maua. Yeye anajua kwamba waridi hupangwa kwa urefu wa shina, hufungwa, hutiwa kwenye baridi, kisha husafirishwa hadi Nairobi na kupandishwa ndege kwenda Uholanzi. Anajua kwamba mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari mama hurudi usiku, kwa sababu tarehe 14 Ulaya itataka kupendana. Anajua hata kwamba mengi ya mawaridi hayo ya biashara hayanukii kitu. Ukimwuliza mapenzi ni waridi kwa namna gani, atakujibu kwamba hukatwa kabla ya kuchanua, hupimwa kwa rula, na hupokewa na watu wengine mbali sana. Mkanye mapema. Jibu la namna hiyo linaweza kumfanya mtahini asimame na kuangalia dirishani, na karatasi zote zilizobaki zikachelewa.

Zoezi

Ubeti ufuatao nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi hili, ili pasiwe na mshairi wa kulaumiwa:

Ua jeupe la Molo, limenawiri kondeni,
Nalichuma kilo kilo, likapelekwa ghalani,
Mdudu agusa hilo, haamki asilani,
Nami nimekosa mlo, basi mdudu ni nani?

Ua hilo ni pareto. Huchumwa kwa mkono, hukaushwa, na ndani yake hutolewa dawa ya kuua wadudu. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hili, kiwanda kikiwa hapa hapa Nakuru, na zikapita enzi ambapo pareto ilisomesha watoto wa Molo na Mau Narok hadi chuo kikuu. Baadaye malipo yakaanza kuchelewa, yakachelewa zaidi, na wakulima wengi wakaling'oa ua wakapanda viazi. Lakini habari hizi hazihitajiki. Nimezitaja kwa bahati mbaya.

Njia sahihi ni hii. Hesabu mizani kwa vidole, chini ya dawati ili usionekane: nane ukwapi, nane utao. Vina vya kati ni -lo, vya mwisho ni -ni. Mishororo minne katika ubeti, basi ni tarbia. "Kilo kilo" ni takriri. Mshororo wa mwisho ni swali lisilotaka jibu, basi ni balagha. Alama tano kwa dakika tatu. Funga karatasi, angalia wenzako wanavyoteseka.

Njia isiyo sahihi utaiona nyuma ya darasa, kwa binti ambaye shosho yake alikuwa na robo ekari ya pareto. Ameinua mkono.

"Mwalimu, huyo mdudu ni shosho."

Darasa linacheka. Mwalimu anauliza hiyo ni tamathali gani. Binti hajui jina lake.

"Keti, mama. Tusipoteze wakati."

Anaketi. Yeye ameona kwamba ubeti wote umejengwa juu ya mtego mmoja: dawa iliyokusudiwa mdudu imemfikia mchumaji. Ameona weupe wa ua, ambao kwenye mashairi mengine ungekuwa usafi wa moyo, umeifunika sumu. Ameona pia kwamba msemaji hamtaji aliyemkosesha mlo. Anauliza tu, tena anajiuliza kuhusu nafsi yake mwenyewe, na kila aliyekula jasho lake ataondoka akiwa na hilo swali mfukoni. Msemaji angeandika "sijalipwa", ingekuwa barua ya malalamiko, na barua za malalamiko zina faili lake. Binti ameingia ndani ya shairi na atachelewa kutoka. Wenzake wako swali la tisa.

Swali la tisa, kwa taarifa yako, ndilo lile lisilokosekana: "Andika ubeti huu kwa lugha ya nathari (alama 4)." Ondoa mkato wa katikati, tanguliza "mshairi anasema kwamba", kisha mwaga maneno yale yale. Mshairi anasema kwamba ua jeupe la Molo limenawiri kondeni na kwamba alilichuma kilo kilo likapelekwa ghalani. Anaongeza kuwa mdudu akiligusa haamki. Anamalizia kwa kusema kwamba amekosa chakula na anauliza mdudu ni nani. Alama nne safi. Ilikuwa kauli ya mtu mwenye njaa, sasa ni ripoti ya afisa wa kilimo wa wadi.

Kuhusu jazanda

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu haina "kama" wala "ni" ya kuzungushia duara. Kitu kimoja kinasimama mahali pa kingine tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho, na mshairi hakuonyeshi kidole. Andika "jazanda" na ukimbie. Ukikawia utaanza kujiuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake atumie beti nyingi kugombania mnazi.

Mshairi Abdilatif Abdalla alikuwa na sababu zake. Mwaka 1968 aliandika waraka wenye kichwa Kenya: Twendapi? Mwaka uliofuata alifungwa kwa ajili ya waraka huo, na alikaa gerezani hadi 1972. Humo alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, maana nyingine hakuwa nazo. Ndimo alimotoka mamba wa shairi lake, na ndimo ulimotoka mnazi unaogombaniwa na wawili, mmoja juu na mmoja chini. Askari jela akiisoma karatasi hiyo anaona mnazi. Msomaji mwingine anaona nchi. Mkusanyiko huo, Sauti ya Dhiki, ulichapishwa 1973, na 1974 ukapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Swali: mbinu gani ya lugha inajitokeza katika tukio hili? Jibu: kinaya. Umeona ilivyo rahisi? Wala hukuhitaji kujua kulivyo gerezani.

Vitabu vya marudio vinasema tamathali hutumiwa kupamba lugha. Shika hapo hapo. Mtu aliyefungiwa peke yake na kipande cha karatasi ya choo alikuwa anapamba.

Kuna tamathali nyingine ambazo hazitahiniwi kabisa, ingawa Bonde la Ufa lote linazijua. Uchaguzi ukikaribia, wapo wanaopanda jukwaani na kuongea juu ya usafi na kilimo. Neno madoadoa lilisikika kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, na waliokuwa wakiitwa hivyo hawakuhitaji mwalimu wa kuwafasiria. Mwisho wa Januari 2008 mauaji na moto vilikuwa vimeingia hadi mitaa ya Nakuru mjini. Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki. Madoadoa yalikuwamo, kwekwe zilikuwamo, mende walikuwamo. Ndiyo kusema tume ya serikali ilibidi iketi chini na kusahihisha sitiari.

Juma ni simba hakusaidii hapa. Lakini yule binti wa pareto ameshapata mazoezi. Akisikia watu wanaitwa kwekwe, atatafuta upande wa sitiari ambao msemaji hakuutaja. Kama wale ni kwekwe, basi huyu aliyeshika maikrofoni amejifanya mwenye shamba, na wewe unayesikiliza umepewa jembe. Neno moja limegawa kazi tatu, na ile inayodhuru ndiyo iliyofichwa, maana ikitamkwa waziwazi hata wanaoshangilia wengine watashtuka. Akisikia mende, atauliza nani ameshika dawa. Alishauliza swali hilo juu ya shosho yake, akaambiwa aketi.

Swali hili halina alama. Tuendelee.

Mambo madogo madogo

Uhuru wa mshairi ni mahali pekee shuleni ambapo kosa lina jina la heshima. Mshairi akikata neno ili mizani itoshe, ni inkisari. Akilirefusha, ni mazida. Akipindua mpangilio wa maneno, anaboronga sarufi kwa ruhusa. Wewe ukifanya hivyo kwenye insha, ni kosa. Usijaribu kumwambia mwalimu kwamba "mwanafuzi" ni inkisari. Wameshajaribu wengi.

Shule yako ikishiriki Tamasha za Muziki, utaghani na wenzako jukwaani, na huko kila tamathali hutatuliwa kwa mikono. Shairi likisema moyo, shika kifua. Likisema moto, chezesha vidole juu. Likisema mbali, nyoosheni mkono wote pamoja kuelekea kwenye mlango wa ukumbi, hata kama kinachosemwa kuwa mbali ni haki. Mshairi alikesha akitafuta njia ya kusema jambo bila kulionyesha. Watoto thelathini waliovaa tai zinazofanana watalionyesha kwa dakika nne. Likisema "machozi yamekauka", futeni machozi. Hakuna aliyewahi kukosa cheti kwa kufuta machozi yaliyokauka.

Mwisho utaambiwa utunge shairi lako mwenyewe. Shairi la Nakuru ni lazima liwe na heroe. Ziwa lijifunike kanga ya rangi ya waridi, au ndege waitwe wachumba, au wingu la jioni lishuke majini. Usiende ziwani kuhakikisha. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda, yakameza lango la zamani la hifadhi na majengo yake, na yakaizimua chumvi ya magadi. Mwani ambao heroe huula ukapungua, na wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Huwa wanarudi, kisha wanaondoka tena, kwa ratiba yao. Kilichobaki ufukweni mahali pengi ni migunga iliyozamishwa ikafa ikiwa imesimama, mieupe, matawi wazi, mnandi wakiwa wametua juu yake. Mwanafunzi akiutia mgunga huo katika shairi atajitafutia taabu, kwa sababu hakuna kitabu cha marudio kinachosema ni taashira ya nini, na mwalimu atalazimika kumwuliza. Andika heroe. Anayesahihisha yuko mbali, na kalenda iliyo ukutani kwake bado ina picha yao.

Ukishatunga, jipe lakabu, maana washairi wa magazetini hawatoki nyumbani bila lakabu. Malenga wa Bonde la Ufa itaonekana kubwa mno kwa mtu wa Gredi ya 8. Malenga wa London inavutia zaidi, na ni haki yako kabisa ikiwa kwenu ni mtaa wa London, pale chini ya Menengai karibu na jaa la Gioto. Watakaokupongeza kwa kwenda Ulaya, washukuru. Jamaa wa mashambani wakianza kukuomba pauni, hamia Malenga wa Kaptembwa.